Mkono Uliolegea Usitoke Hospitalini Bila Karatasi

Mtoto mchanga ambaye mkono wake mmoja umelegea, umegeukia ndani na hauinuki anaposhtuka, kwa kawaida ameumia neva. Hajarogwa, wala mama yake hakulala vibaya. Neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi zimevutika au zimekatika, mara nyingi kwa sababu kichwa kilikwisha kutoka na bega likakwama nyuma ya mfupa wa kinena. Madaktari wanaijua hali hii tangu siku za Duchenne na Erb, miaka ya 1870. Hospitali yoyote ya wilaya ya Rusizi, Rwanda, haiwezi kudai imeshtukizwa.

Tuseme kwanza lile ambalo familia hazipendi kulisikia: jeraha peke yake si ushahidi wa uzembe. Bega hukwama hata mbele ya mkunga hodari, naye huwa na dakika chache tu kabla mtoto hajakosa hewa. Linaloulizwa ni alifanya nini katika dakika hizo. Mapaja ya mama yalikunjwa kuelekea tumboni? Alikandamizwa juu kidogo ya kinena, au kuna mtu aliyesukuma tumbo kutoka juu, jambo linalozidi kulibana bega? Na kama mama alikuwa na kisukari, alielezwa mapema hatari ya bega kukwama? Kwa kosa hilo la kunyamaza, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimpa ushindi mama mwenye kisukari, Nadine Montgomery, mnamo Machi 2015, na fidia ya pauni milioni 5.25.

Majibu ya maswali hayo yamo katika faili la uzazi, au hayamo popote. Sheria ya Rwanda ya mwenendo wa kesi za madai ya 2018 inamtaka mdai athibitishe dai lake. Akishindwa, mdaiwa ameshinda. Sheria Na. 49/2012 ilianzisha bima ya wataalamu wa tiba ili anayeumizwa kwa kosa lao afidiwe. Bima hiyo itamfaa nini mama wa kisiwa cha Nkombo, ikiwa ushahidi wake uko kabatini mwa mdaiwa?

Utafiti wa taifa wa 2019/20 ulionyesha kuwa asilimia 93 ya watoto nchini walizaliwa katika vituo vya afya. Serikali iliwaambia akina mama waende, wakaenda. Basi mzazi ambaye mtoto wake ana mkono uliolegea apewe nakala ya chati ya uchungu na maelezo ya uzazi, yenye saa na saini, kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Asiombwe barua ya wakili.

Kuna kosa jingine, nalo ni rahisi zaidi kulithibitisha kuliko lile la chumba cha uzazi: kucheleweshwa. Watoto wengi hupona, lakini mazoezi ya viungo huanza wiki za mwanzo, na ambaye hajaanza kukunja kiwiko anapofikisha miezi mitatu anapaswa kuonwa na daktari wa upasuaji. Kutoka mji wa Kamembe, hiyo ni safari ya kuvuka msitu wa Nyungwe, na mituweli, bima ya afya ya jamii, inataka rufaa ngazi kwa ngazi. Anayemwambia mzazi “utapona wenyewe, rudi akifikisha mwaka” amemnyang’anya mtoto muda ambao haurudi, na tarehe za kadi ya kliniki zitatoa ushahidi dhidi yake.

Familia zisianze kwa kukimbilia kumfunga mkunga. Jela hailipii mazoezi, tena itawafundisha wenzake kuandika machache zaidi. Malalamiko ya nidhamu yana mahali pake, katika baraza la wauguzi na wakunga au la madaktari, ila mabaraza hayo si mahali pa kudai fidia. Mlango wa kwanza ni MAJ, ofisi ya msaada wa kisheria ya wilaya, ambako ushauri hautozwi, kisha mahakama.

Wizara ya Afya itoe agizo la kuwapa wazazi nakala hizo. Wakurugenzi wa hospitali za Gihundwe na Mibilizi hawana haja ya kulisubiri: ni fotokopi ya kurasa chache.