Kupima Kabla ya Kukata

Uti wa mgongo wako si mfupa mmoja. Ni pingili nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati ya pingili na pingili mna kisahani laini kama mto. Pengine kisahani hupasuka, na ute wake hutoka na kubana mshipa wa fahamu. Ndipo maumivu hushuka toka kiunoni mpaka mguuni kama moto.

Mwaka 1934 waganga wawili wa Marekani, Mixter na Barr, waliandika wazi habari za ugonjwa huu. Zamani munganga alipasua mgongo kwa jeraha refu. Siku hizi iko njia ya tundu dogo, ambalo mara nyingi halifiki sentimeta moja, na mrija wenye taa na kamera.

Lakini tundu dogo lina shida yake. Munganga huanza kwa kuingiza sindano ndefu kati ya mifupa asiyoiona, karibu na mshipa ule ule anaotaka kuuokoa. Akikosa njia, huivuta na kujaribu tena, na kila mara hupiga picha ya mionzi. Mionzi mingi si mizuri kwa mgonjwa wala kwa munganga.

Hapo ndipo mashine ya kuchapa vitu inaposaidia. Haichapi karatasi, hupanga plastiki tabaka juu ya tabaka. Kwa picha za skana za mgonjwa, hutengeneza mfano wa mifupa yake mwenyewe. Munganga huushika mkononi, huugeuza, hupima sindano ipite wapi. Tena huweza kuchapa kibao chenye tundu la kuongoza sindano. Waganga wa China waliojaribu wameandika kwamba sindano hurudiwa mara chache, na picha za mionzi hupungua.

Neno langu ni hili: tusisifu mashine, tusifu kupima. Mfano huo hautibu mtu. Mgonjwa akigeuka kidogo kitandani, ngozi husogea, na kibao kilichokaa vibaya huongoza vibaya. Mkono uliofundishwa bado unatakiwa. Na munganga asiye na mashine hiyo, lakini anayetazama picha zako kwa uangalifu na kukueleza atakavyofanya, ni bora kuliko mwenye mashine na haraka.

Wewe nawe pima. Wengi wenye ugonjwa huu hupata nafuu kwa majuma machache bila kisu, wakiendelea kutembea na kuacha mizigo mizito. Usikubali mtu akukanyage mgongo. Lakini mkojo ukizuilika au ukitoka wenyewe, au ukifa ganzi katikati ya mapaja, au miguu ikilegea, usingoje kesho. Nenda hospitali siku ile ile. Mshipa uliobanwa sana haungoji, na ukichelewa, hata mashine nzuri haitaweza kukurudishia nguvu zako.