Diski Mbili Ofisini, Nakala Moja kwa Baba Askofu



Kompyuta imeingia katika ofisi za parokia zetu. Majina ya wabatizwa, orodha za Kipaimara, matangazo ya ndoa, zaka za jumuiya ndogo ndogo, barua za Baba Askofu: vyote hivyo siku hizi vinaweza kukaa ndani ya sanduku moja chini ya meza ya karani. Tunafurahia maendeleo hayo. Lakini tuna swali. Diski iliyo ndani ya sanduku hilo ikifa usiku wa leo, kesho asubuhi parokia itabaki na nini mkononi?

Maoni yetu ni haya. Kila ofisi ya parokia inayotunza kumbukumbu zake katika kompyuta, iwe Musoma mjini, Bunda au Butiama, iwe na diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa wakati mmoja. Hilo ni la kwanza. La pili, na ndilo kubwa zaidi, diski hizo mbili zisihesabiwe kuwa ni akiba. Ni lazima iwepo nakala nyingine nje ya paa la parokia.

Kwa nini tunalikazania jambo linaloonekana kuwa la mafundi? Kwa sababu kinacholindwa ni watu. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaagiza kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu. Tena inaagiza kwamba katika kitabu cha ubatizo yaongezwe mambo yanayomfuata mbatizwa maishani: Kipaimara, ndoa, Daraja Takatifu, nadhiri za daima. Hivyo mstari mmoja katika kitabu kile unaendelea kuandikwa kadiri mtu anavyoishi. Binti aliyebatizwa katika kigango cha Butiama, akahamia Dar es Salaam kutafuta maisha, siku akitaka kufunga ndoa atahitaji habari kutoka kwenye mstari ule. Nasi mafrateri, kabla ya kupewa Daraja, tunadaiwa cheti kinachotoka kwenye kitabu hichohicho.

Wapo watakaosema kwamba cheti kikipotea, shahidi yupo. Ni kweli: kanuni ya 876 inakubali ubatizo uthibitishwe na shahidi mmoja asiyetiliwa shaka, ikiwa hakuna anayedhurika. Lakini shahidi huzeeka, huhama na hufa. Na hata aliye hai anaweza kusema, “Nilimwona akibatizwa.” Hawezi kusema kama baadaye alifunga ndoa mahali pengine. Kitabu ndicho kinachosema hayo yote mawili.

Hapa kwetu Mara tunao mfano mkubwa. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alibatizwa Nyegina mwezi Desemba 1943 akiwa kijana wa miaka 21. Siku ile hakuna aliyejua kwamba kijana huyo angeongoza nchi, wala kwamba Jimbo la Musoma lingeanzisha mchakato wa kumtangaza mtakatifu na yeye kuitwa Mtumishi wa Mungu. Anayeandika jina kitabuni hajui anaandika jina la nani. Ndiyo maana kila jina hulindwa sawa na jingine.

Na tuangalie Kanisa linavyotunza hati za mchakato wa namna hiyo. Hati halisi za uchunguzi wa jimbo hubaki katika hifadhi ya jimbo lenyewe, zimefungwa na kutiwa mhuri. Nakala mbili hupelekwa Roma. Zinakuwa nakala tatu katika sehemu mbili zilizo mbali. Wataalamu wa kompyuta wanashauri vivyo hivyo, na Kanisa limekuwa likifanya hivyo kwa karatasi na nta.

Sasa tuje kwenye diski zenyewe. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha andiko lililoonyesha kwamba diski kadhaa za bei nafuu zikiunganishwa vizuri zinaweza kutegemewa kuliko diski moja ya bei kubwa. Utaratibu huo unaitwa RAID. Aina yake iliyo rahisi kueleweka, RAID 1, ni ya diski pacha: kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza kinaandikwa papo hapo kwenye ya pili. Moja ikifa, kazi inaendelea kwa nyingine. Fundi anaweka diski mpya, mfumo unanakili upya, na karani hajapoteza hata jina moja.

Hakuna haja ya kununua mtambo wa benki. Kompyuta ya mezani ya kawaida inatosha, hata iliyokwisha kutumika, mradi diski za kumbukumbu ziwe mpya. Kwa maoni yetu, kompyuta kuukuu yenye diski mbili mpya inaifaa parokia kuliko kompyuta mpya yenye diski moja. Windows ikae kwenye diski yake ndogo. Diski pacha ziwe kwa ajili ya kumbukumbu tu. Katika Windows 10 na 11 kazi hiyo hufanywa na sehemu iitwayo Storage Spaces. Katika Linux hufanywa na programu ya mdadm. Ziwe na ukubwa sawa, kwa sababu pacha ya terabaiti 1 na ya terabaiti 2 zitakupa terabaiti 1 tu. Ikiwezekana zisitoke katika kundi moja la kiwandani, maana diski zilizozaliwa pamoja zinaweza kufa pamoja. Na kabla ya kuanza, kila kilichomo kihamishwe kwanza, kwani kuziunganisha kunafuta vilivyokuwamo.

Yapo mambo matatu madogo ambayo fundi akiyaruka, kazi yote ni bure.

La kwanza ni lebo. Kila diski ibandikwe karatasi yenye namba yake, na mchoro ubandikwe ndani ya mfuniko wa sanduku. Siku moja ikifa, fundi atakuja kwa haraka, na akichomoa ile nzima akaiacha mbovu, ameumiza parokia mara mbili.

La pili ni ukaguzi. Diski pacha zina tabia ya kuugua kimya. Moja ikifa, karani anaendelea kuchapa bila kuona tofauti yoyote, na miezi inapita mpaka ya pili nayo inakufa. Hapo parokia inashangaa: “Si mlisema ziko mbili?” Zilikuwa mbili, tangu zamani ilikuwa imebaki moja. Kwa hiyo awepo mtu, kwa jina, wa kufungua na kuangalia hali ya diski kila mwanzo wa mwezi na kutia sahihi kwenye daftari.

La tatu ni jaribio. Kabla ya kukabidhi kazi, fundi azime kompyuta, achomoe diski moja, aiwashe, na karani afungue kumbukumbu zake zote zikiwapo. Kisha airudishe na kusubiri zinakiliane upya. Mfumo usiojaribiwa ni ahadi tu. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika na radi za ukanda wa Ziwa Victoria ni nyingi, kompyuta iwe na UPS, na wakati wa mvua kubwa ichomolewe ukutani.

Baada ya hayo yote, tusijidanganye. Diski pacha hufanya kazi kama kioo: huonyesha kilicho mbele yake, kizuri kwa kibaya. Karani akifuta kimakosa orodha ya wabatizwa wa mwaka mzima, inafutika kwenye zote mbili kwa sekunde ileile. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha vikiingia kwa flashi ya mgeni, vinafunga pande zote mbili. Mwizi akibeba sanduku, amebeba pacha wote wawili. Moto ukiwaka, au radi ikipiga, hakuna cha kwanza wala cha pili. Diski pacha zinakinga jambo moja tu, yaani kufa kwa diski moja. Ni jambo linalotokea, na kulikinga ni busara, lakini ni moja kati ya mengi.

Ndiyo maana tunarudi kwenye utaratibu wa wazee wetu. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, kanuni ya 470, zilimtaka paroko kila mwisho wa mwaka apeleke kwenye ofisi ya Askofu nakala iliyothibitishwa ya vitabu vya parokia. Jimbo la Musoma lilipoanzishwa mwaka 1957, sheria hiyo ndiyo iliyokuwa ikitumika. Sheria za sasa, za mwaka 1983, hazikurudia agizo hilo kwa Kanisa zima, lakini kanuni ya 491 bado inamkabidhi Askofu uangalizi wa hifadhi za parokia, na kutaka orodha ya vilivyomo iwe katika nakala mbili: moja parokiani, moja jimboni. Kunakili vitabu kwa mkono ilikuwa kazi ya kuumiza vidole. Leo kazi hiyo inamalizwa na diski ya nje inayoenea mfukoni.

Tunapendekeza hivi. Kila mwaka mapadre hukusanyika na Askofu wao kwa Misa ya Krisma na kurudi parokiani na mafuta matakatifu. Anayekwenda kuchukua mafuta aende na diski. Aikabidhi kwa kansela, apewe ile ya mwaka uliopita, aitumie kwa mwaka unaofuata. Parokia za Butiama zipeleke Musoma, parokia za Bunda zipeleke Bunda, ambayo ni jimbo kamili tangu mwaka 2010. Parokia ikiweza kupeleka kila baada ya miezi mitatu, ni vizuri zaidi. Lakini hata mara moja kwa mwaka, hasara kubwa kabisa itakuwa ya mwaka mmoja, na huo unaweza kuchapwa upya kutoka kwenye kitabu cha karatasi.

Diski hiyo ifungwe kwa nenosiri. Kanuni ya 535 inamtaka paroko ahakikishe kwamba vitabu haviangukii mikononi mwa watu wa nje. Nayo nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Habari za ndoa ya mtu si za kuzagaa kwenye flashi za vijana wa kwaya.

Tunajua litakaloulizwa: parokia ambayo paa la kigango linavuja itapata wapi fedha za diski? Hatulidharau swali hilo. Lakini tunachangia mapazia ya altare, vipaza sauti na sherehe za somo, na tunafanya vizuri. Kumbukumbu za waamini wote wa parokia zinastahili angalau mchango wa Jumapili moja. Wengine watasema kitabu cha karatasi kinatosha. Kitabu kibaki, tena kibaki ndicho cha kwanza. Padre aandike kwa wino siku ileile ya ubatizo. Lakini karatasi nayo ina maadui wake, mchwa, mvua na moto, na haina pacha.

Ndugu waamini, siku ya kikao cha halmashauri ya walei ulizeni: nakala ya kumbukumbu zetu iko wapi, na mara ya mwisho ilipelekwa lini? Ndugu mafrateri, likizo ijayo tukiwa parokiani tumsaidie karani kuweka diski hizo, kubandika lebo na kufanya jaribio. Ni kazi ya siku mbili. Huenda hakuna atakayetushukuru, kwa kuwa kitabu kilichotunzwa vizuri hakuna anayekizungumzia. Lakini miaka 50 ijayo, mtu tusiyemjua atafika ofisini, atataja jina lake na la wazazi wake, naye karani atalipata.