Vijia vya Simbi na Thimlich Baada ya Gharika

Simulizi ya Simbi Nyaima ina mvua ndani yake. Bikizee mchovu anaingia kijijini penye sherehe, anaomba hifadhi, anafukuzwa. Mwanamke mmoja tu anamkirimu. Usiku huo mvua inanyesha, kijiji kinazama, na pahali pake panabaki ziwa. Wapo wanaoisimulia vingine, kama ilivyo ada ya fasihi simulizi. Ziwa lenyewe lipo karibu na Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay: kasoko ya volkeno iliyojaa maji ya magadi, ambayo heroe huizuru. Mzazi anayemtembeza mwanawe ukingoni mwake hahitaji kitabu. Anayempitisha kwa gari hupata dakika mbili za dirishani, na hadithi haiishi kwa dakika mbili.

Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua zaidi ya watu 250 nchini Kenya. Huko Nyatike, Kaunti ya Migori, Mto Kuja ulivunja kingo zake na kuzifukuza familia makwao. Mbele ya maafa kama hayo, nani angethubutu kukililia kijia cha matembezi? Pingamizi hilo ni la haki, na makala haya hayakusudii kukishindanisha kijia na nyumba ya mtu. Lakini gharika ikishapita, daraja hupata wa kulisemea, na barabara ya magari vilevile. Kijia cha miguu hakina msemaji.

Kinavyokufa kinajulikana. Nyayo hukigandamiza kikawa kigumu na chenye kina kuliko ardhi ya kandoni. Mvua kubwa ikija, maji hukifanya mfereji, udongo hubebwa, mawe hubaki uchi. Wapitao hukikwepa wakakanyaga majani ya pembeni, na mfereji wa pili ukazaliwa. Mwishowe ni korongo. (Kiswahili kina kejeli yake hapa: Hifadhi ya Taifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, ndiyo makao ya mwisho nchini Kenya ya korongo, yule mnyama, na korongo la pili, lile la udongo, halihitaji hifadhi yoyote ili lizaliane.)

Thimlich Ohinga, Kaunti ya Migori, iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake, zinazokadiriwa kuwa za karne ya 16, zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na zimejengwa kwa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Waashi wale walijua kwamba ukuta usio na saruji huyaachia maji yapite. Inashangaza basi kwamba leo neno "ukarabati" likitajwa, fikra za wengi hukimbilia zege. Zege mteremkoni huzuia maji pasipotakiwa, kisha huyaachilia kwa kasi pale linapokoma. Kijia kinataka vizuizi vya mawe vilivyolazwa kimshazari ili kila baada ya hatua kadhaa maji yatolewe nyasini, na miti ya kienyeji ipandwe palipokatwa na wakwepaji. Sharti moja halina mjadala: jiwe lililoanguka kutoka ukutani lisiguswe kwa kazi ya kijia. Hilo bado ni ukuta.

Nani afanye kazi hiyo? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaikabidhi serikali ya taifa majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na kuziachia kaunti utalii wa mahali na utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo na maji. Kwa hivyo boma lina mwenyewe, ilhali kijia kinacholifikia kutoka kijijini chaweza kulala kati ya ofisi mbili, kila moja ikiitazama nyingine. Kaunti zikichukue kijia bila kusubiri, na ziwaajiri wakazi wanaojua maji hupita wapi masika.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana fungu lao. Vibao vya njiani viandikwe kwa Kidholuo na Kiswahili; palipo pa Wasuba, Kisuba kisiachwe, maana wasemaji wake wamepungua mno. Majina ya miamba, chemchemi na mizingo yakusanywe kutoka kwa wazee kabla vibao havijachorwa, pamoja na matoleo yanayopingana ya hadithi ya bikizee, bila kuteua moja na kuliita sahihi.

Kazi ya mawe ifanywe Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu. Miche ingoje mvua za Machi. Kinachoachwa hadi Aprili kitachimbwa na maji.