Nani Aliwaambia Historia Humezwa?

Ilikuwa siku ya maombi katika shule moja ya sekondari hapa Kisaju. Watahiniwa wa kidato cha nne wameinua kalamu na seti za jiometri zipakwe mafuta, wazazi tumejazana chini ya hema, na vumbi la malori ya kokoto yanayokatiza kwenda barabara ya Namanga linatushukia bila huruma. Mhubiri akashika maikrofoni na kuyagawa masomo mafungu mawili. Hesabu, Fizikia na Kemia aliyakabidhi kwa Mwenyezi Mungu. Alipofika kwa Historia akapunga mkono. "Hiyo msinisumbue nayo mbele za Bwana," akasema. "Historia ni kukariri tu. Meza pointi usiku, asubuhi zitapike kwenye karatasi." Hema likaangua kicheko. Mwalimu wa Historia mwenyewe alicheka, tena kwa sauti.

Mhubiri hakubuni kitu. Alisema hadharani kile ambacho walimu wakuu husema ofisini na wazazi husema mezani. Ndiyo maana Historia hupangiwa kipindi cha saa nane mchana, watoto wakiwa wamelemewa na githeri. Ndiyo maana mzazi akisikia binti yake amechagua Historia hukunja uso kana kwamba ameambiwa mtoto ameacha shule. Na sasa gredi ya 10 imeanza, Januari 2026, mpango wa serikali ukiwa asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Anayebaki kwenye sayansi za jamii anatazamwa kama aliyekosa basi.

Mimi nasema hivi: hakuna mji katika Kenya hii ambao watu wake wanaamini historia kwa moyo wote kuliko Kisaju. Hawajui tu kwamba wanaiamini.

Biashara yetu ni ploti. Kuanzia Kitengela hadi Isinya, kila nguzo ya stima imebeba bango: hamsini kwa mia, hati tayari, maji na stima vipo karibu. (Maji hayapo karibu. Maji yako kwenye lori, na yakija yana chumvi.) Sasa mwambie karibu mkazi yeyote wa hapa anunue ploti kwa kukariri maneno ya bango. Atakucheka. Kwanza atakwenda ofisi ya ardhi Kajiado kufanya sachi. Ataulizia hati mama na kadi ya kijani: shamba lilikuwa la nani, likakatwa lini, likauzwa kwa nani, kuna aliyeweka zuio au hakuna. Atatafuta soroveya amwonyeshe bikoni. Kisha, kwa kuwa si mjinga, atatafuta mzee wa boma la jirani amuulize kimyakimya kama familia ya muuzaji imekubaliana. Maneno ya muuzaji atayapima kwa karatasi, na karatasi ataipima kwa maneno ya mzee. Zikipishana, atajiuliza nani ananufaika akidanganya.

Hiyo ndiyo historia, nzima, bila kupungua. Chanzo ni kipi, nani alikiandika, alikuwa anatafuta nini, mwenzake anasemaje. Mtu aliyepata D ya Historia anaifanya kila Jumamosi akiwa na pesa mfukoni, halafu Jumapili anakaa kanisani kumchekea mhubiri anayesema ni kukariri tu.

Hebu tuingie darasani sasa, katika shule iliyojengwa juu ya mojawapo ya ploti hizo hizo. Mtoto anafundishwa sababu za Wamaasai kushirikiana na Waingereza. Pointi sita. Lenana, kiongozi wao, alitaka msaada dhidi ya ndugu yake Sendeyo. Ng'ombe walikufa kwa sotoka. Na kadhalika hadi ya sita, kengele inalia. Mkataba uliotokana na ushirikiano huo hajaonyeshwa, wala hajaambiwa kwamba ardhi aliyokalia ni sehemu ya habari hiyo.

Mkataba wa 1904 uliwatoa Wamaasai katika Bonde la Ufa, kule Naivasha na Nakuru kulikotakiwa na walowezi, ukawagawa sehemu mbili: Laikipia kaskazini, na hifadhi ya kusini ambayo ndiyo huku kwetu. Uliahidi kwamba mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Maadamu hayo yalidumu miaka saba. Lenana alifariki Machi 1911, na Aprili mkataba wa pili ukatiwa sahihi kuwahamisha wa Laikipia waje kusini. Maofisa wakaeleza kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo akiwa kitandani. Marehemu hakuwepo kuulizwa. Mnunuzi wa ploti angesikia hadithi kama hiyo kutoka kwa muuzaji angefunga mkoba na kupanda matatu arudi Nairobi, lakini mwanafunzi hapewi hata nafasi ya kushuku.

Wamaasai walishuku. Walikwenda kortini, kesi ya Ole Njogo, na mwaka 1913 wakaambiwa kwamba wao ni taifa huru la kigeni lililofanya mapatano na Mfalme wa Uingereza, kwa hiyo mahakama za nchi hazina uwezo wa kusikiliza malalamiko yao. Watu waliohamishwa na ng'ombe wao chini ya amri ya serikali wakaambiwa ni dola huru! Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu hukumu hiyo kwa ufupi, mwambie aieleze kwa maneno yake, uone kama atasinzia baada ya githeri.

Na msiniambie ni mambo ya kale. Agosti 2004, miaka mia baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana wakitaka Laikipia irudi, na wengi wao walisema muda wa miaka 99 umekwisha. Serikali ikajibu kwamba hati za mashamba yale ni za miaka 999. Nchi nzima ikabishana 99 au 999, na mkataba wa 1904 hauna miaka 99. Una ile ahadi ya maadamu. Waandamanaji walikuwa na hoja nzito kuliko waliyoibeba, kwa sababu kizazi baada ya kizazi tulimeza pointi na hatukusoma karatasi. Kama kuna mtu bado anataka kujua hasara ya kukariri, aanzie hapo.

Wakubwa wa mitihani watasema mtihani wenyewe wa KCSE unataka pointi. Huu ndio utetezi ninaoupenda, maana unajizika wenyewe. Karatasi za Historia na Serikali, zote mbili, zina sehemu ya kwanza ya alama 25 za majibu mafupi, kisha alama 75 za maswali marefu, na sehemu kubwa yake ni ya kueleza. Sabini na tano! Swali likisema "eleza sababu sita" kwa alama 12, hesabu ya darasa la pili inatosha kujua kwamba kila sababu ina alama mbili, na kutaja bila kueleza hakukupi zote. Mtoto aliyetapika pointi anaacha nusu ya sahani mezani halafu tunasema somo lilikuwa gumu mwaka huu.

Wamarekani tunawaiga kwa mengi, mpaka namna ya kuhubiri. Basi tuwaige na hili. Wana mtihani wa AP wa historia ya Marekani, ambao katika shule zinazofuata mtaala wao hufanywa mwezi wa tano. Swali lake kubwa humpa mwanafunzi nyaraka saba: barua, hotuba, katuni ya gazeti, jedwali la takwimu. Ana saa moja. Anatakiwa aandike hoja yake, aitetee kwa nyaraka hizo, na aseme mwandishi wa waraka alikuwa nani na alikuwa anamsemesha nani. Hazimezeki, kwa sababu nyaraka zile huzioni mpaka siku ya mtihani. Mwalimu anayewaandaa watoto kwa mtihani huo hana la kufanya ila kuwazoesha kusoma karatasi wasizozijua na kuzitilia shaka. Yaani sachi.

Wetu nao wanasoma Marekani, msisahau. Kidato cha nne kuna mada ya uchaguzi na serikali za nchi nyingine: Uingereza, Marekani na India. Uliza darasa zima la Kisaju wajumbe wanaomchagua rais wa Marekani ni wangapi, utajibiwa kwa pamoja kama wimbo: 538, na mshindi anahitaji 270. Uliza sasa kwa nini Hillary Clinton alipata kura nyingi za wananchi kuliko Donald Trump mwaka 2016 na akashindwa. Kimya. Uliza kwa nini Katiba yetu ya 2010 haitosheki na nusu ya kura na moja juu, inataka pia robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24. Kimya zaidi. Ni swali moja lililovaa nguo mbili: kwa nini walioandika katiba hawakuamini kuhesabu vichwa peke yake? Mtoto mwenye jibu la hilo hata akisahau 270 ataandika karatasi nzuri. Mwenye 270 peke yake ana namba ya simu isiyoita mtu.

Nina swali lingine kwa ajili yao, na hili halimo kwenye kitabu cha marudio chochote nilichokiona kikiuzwa Kitengela. Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda kesi ya Brown mwaka 1954 iliyoharamisha ubaguzi katika shule za umma za Marekani, alikuja Kenya mwaka 1960 kwa mwaliko wa kina Tom Mboya, akawa mshauri wa ujumbe wa Waafrika katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Aliandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya Kenya, na ndani yake akaweka ulinzi imara wa mali ya mtu. Mwaka 1962 ujumbe wa Wamaasai ulikwenda Lancaster House hiyo hiyo kudai ardhi yao, ukarudi mikono mitupu. Haya, mtahiniwa: ulinzi wa mali ulimlinda nani? Mmarekani mweusi aliyejua kunyang'anywa alikuwa anawaza nini? Jadili. Alama 15, na hakuna jibu la kumeza.

Jirani yangu mmoja hukasirika nikiongea hivi. Hoja yake ni moja: yaliyopita si ndwele, na Historia haimpi mtu kazi. Husema hivyo akiwa anachokoa meno baada ya nyama choma pale Kitengela. Jirani huyu amekuwa akipanda na kushuka ngazi za korti ya Kajiado kwa ajili ya ploti iliyouzwa kwa watu wawili, yeye akiwa wa pili. Hakufanya sachi, alimwamini muuzaji kwa kuwa walikuwa wanasali pamoja. Akipata nafuu ya kesi hiyo atuambie kama yaliyopita si ndwele. Kuhusu kazi, wakili wake alisomea nini sekondari sijui, ila namwona akilipwa kwa kusoma karatasi za kale na kuuliza nani aliziandika.

Kuna jambo la karatasi za utabiri pia, na hapa nitaonekana nimetoka nje ya mada, nivumilieni. Kila muhula wa tatu mtu huzunguka shule zetu akiuza "maswali yatakayotoka". Wazazi wanachanga. Wazazi hao hao wanaambiwa hakuna pesa ya kumlipa mwalimu wa bodi ya shule (BOM), kijana mwenye digrii ya Historia anayefundisha mikondo mitatu kwa mshahara unaochelewa, na hawaulizi. Wanenaji wa motisha nao hulipwa kabla ya kushuka garini. Tungekuwa tunaamini kwamba Historia ni kufikiri tungemlipa anayefundisha kufikiri. Tunaamini ni kumeza, kwa hiyo tunamlipa anayeuza vidonge.

Mikataba ya 1904 na 1911 si mirefu. Inaingia kwenye kurasa chache, inachapwa kwa bei ya chipsi. Wazee waliokuwepo ranchi za kikundi zilipogawanywa, zile zilizoundwa kwa sheria ya 1968, bado wapo, na wengine wanaishi umbali wa kusikia kengele ya shule. Walimu wa Historia wa Kisaju, Isinya na Kitengela, mwiteni mmoja wao darasani asimulie alivyopata kipande chake na nani alikosa. Wapeni watoto mikataba waisome kwanza, wamwulize maswali magumu kwa adabu, kisha waandike kurasa mbili nani wamwamini na kwa nini. Zifanyeni hizo ziwe insha za majaribio, mkazisahihishe kwa hoja.

Nanyi wazazi, mchango wa karatasi za utabiri ukiletwa safari hii, kataeni. Watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka 2027. Watoto hao wako darasani sasa hivi.