AFYA YA FAMILIA: Tusilale na magunia yenye vidonge

Msimu wa mavuno ukifika huku kwetu, kila nyumba hujaa magunia. Mahindi yanatoka shambani, yanapukuchuliwa, na kwa kuwa wengi wetu hatuna ghala, yanaingizwa chumbani. Gunia lililo karibu na kitanda haliibiwi. Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kinachotiwa ndani ya magunia hayo, kwa sababu tumeona kilivyotaka kuimaliza familia nzima kwa usiku mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita, alfajiri, tulimpokea mama mmoja na watoto wake watatu kutoka kijiji kilicho upande wa Mikumi. Wote walikuwa wanatapika na kulalamika kichwa, na mdogo wao alikuwa anahema kwa shida. Sisi wauguzi tulifanya tulichozoea. Tuliwaza malaria, tukawatoboa vidole, tukauliza habari za vyandarua. Vipimo havikuonyesha malaria. Tukauliza walikula nini. Walikula ugali na mlenda, na bibi yao alikula chakula kile kile, naye alikuwa mzima.

Ndipo mwenzetu mmoja akauliza swali ambalo tulipaswa kuliuliza mwanzo: "Mama, bibi alilala wapi, na ninyi mlilala wapi?"

Bibi alilala jiko la nje. Mama na watoto walilala chumba chenye magunia. Jioni ile baba watoto alikuwa ametia vidonge vya kuua dumuzi katika kila gunia, akafunga dirisha ili dawa isitoke, kisha akaenda kulinda mahindi yaliyobaki shambani. Tunamshukuru Mungu, wote walipona, ingawa yule mdogo alikaa kwenye oksijeni siku mbili. Lakini tulijifunza kwamba usiku ule nusura tutibu ugonjwa usiokuwepo.

Vidonge hivi ni nini?

Wengi wanaviita vidonge vya mahindi, au kwa jina la biashara, kama Phostoxin. Ndani yake kuna alumini iliyoungana na fosforasi. Fosforasi si kitu kigeni kwetu. Imo katika mifupa na meno ya watoto wetu, na imo katika ubavu wa kiberiti tunapochanulia njiti. Hatari inaanza kidonge kinapokutana na maji, hata yale kidogo yaliyomo katika hewa na katika mahindi yenyewe. Fosforasi inaachana na alumini na kushikana na haidrojeni ya maji. Chembe moja ya fosforasi inachukua chembe tatu za haidrojeni, na inatokea gesi iitwayo fosfini.

Gesi hii ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1783 na Mfaransa Philippe Gengembre. Ni ndugu wa amonia, ile harufu kali inayotupokea asubuhi mtoto akikojoa kitandani. Amonia inatusumbua pua na kutukimbiza. Fosfini haina huruma hiyo. Ikiwa safi haina harufu kabisa. Ile harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza inayosikika kwenye vidonge inatokana zaidi na uchafu uliochanganyika nayo. Kwa hiyo tusiseme, "Sisikii harufu, basi pako salama."

Ni gesi isiyotulia pia. Ikijikusanya kwa wingi inaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Ndiyo sababu vidonge havirundikwi pamoja wala kumwagiwa maji. Ikiwa mahali pa wazi, penye hewa na jua, huvunjika ndani ya saa chache hadi siku moja hivi. Lakini chumba kilichofungwa usiku hakina jua wala upepo, na gesi hii ni nzito kidogo kuliko hewa. Watoto waliolala mkekani wako karibu nayo, nao hupumua haraka kuliko sisi.

Hesabu ya chumba kimoja

Kidonge kikubwa cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya fosfini. Tuchukue chumba cha kawaida, urefu mita 3, upana mita 3, kimo mita 2 na nusu. Nchini Marekani mfanyakazi haruhusiwi kuvuta hewa yenye fosfini zaidi ya sehemu 0.3 katika sehemu milioni moja kwa siku ya kazi ya saa 8. Gesi ya kidonge kimoja tu ikienea yote katika chumba hicho kilichofungwa, inazidi kiasi hicho zaidi ya mara 100. Sasa fikiria magunia kumi, kila moja na vidonge vyake. Gunia halizuii gesi. Mlango wa mbao hauizuii, wala ukuta wa udongo wenye nyufa.

Ndani ya mwili, fosfini inazuia chembe hai zisitumie oksijeni. Mtu anavuta hewa, damu inabeba oksijeni, lakini moyo, mapafu na ubongo havifaidiki nayo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, kuharisha, kikohozi na kubanwa kifua. Mara nyingine mgonjwa anaonekana amepata nafuu, kisha mapafu yanajaa maji baadaye. Hakuna dawa maalumu ya kuondoa sumu hii. Hospitali inampa mgonjwa oksijeni na kuutunza moyo na kupumua kwake, basi.

Maji yanaongeza hatari

Akina mama tumezoea kwamba kitu kibaya kinaoshwa kwa maji. Hapa mazoea hayo yanaua. Mwezi Januari 2017, mjini Amarillo, jimbo la Texas nchini Marekani, dawa ya aina hii iliwekwa chini ya nyumba. Baba alipojaribu kuiosha kwa maji, gesi iliongezeka na kuingia ndani. Watoto wanne wa familia ile walifariki.

Sisi wa Kilosa tunayajua maji. Mto Mkondoa ulipofurika Desemba 2009 na Januari 2010, yaliingia hata vyumbani. Anayeficha kopo la vidonge uvunguni na akumbuke hilo.

Tufanye nini basi?

Yule mama alituambia neno ambalo hatukuwa na jibu la haraka kwake: "Nesi, mahindi yale ndiyo chakula, na ndiyo ada ya watoto." Ni kweli. Dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati na kutambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, anaweza kugeuza gunia kuwa unga wa vumbi. Hatusemi tumwachie. Tunasema hivi:

1. Vidonge vya gesi ni kwa maghala yanayozibwa vizuri, mbali na watu, na kazi hiyo ni ya wataalamu wenye kibali. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) ndiyo inayosimamia. Usinunue vidonge vya kufungiwa katika karatasi mnadani.

2. Kausha mahindi sawasawa. Weka punje na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, kisha uache kidogo. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

3. Tumia mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia, au kihenge cha bati. Ukifunga vizuri, wadudu wanamaliza hewa yao wenyewe na kufa bila sumu. Mwulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yako.

4. Kama vidonge vimekwisha kuwekwa ndani, toeni watu wote nje, hata wanaosema hawaumwi. Msirudi kuchukua kitu. Msimwage maji, msifagie majivu yake kwa mikono. Mwiteni mtaalamu. Anayeumwa apelekwe hospitali mara moja, na mseme wazi, "Tulilala na vidonge vya mahindi."

5. Mtu akivimeza, kwa bahati mbaya au kwa kukata tamaa, usimpe maziwa wala maji, usimtapishe, wala usimpulizie mdomoni. Kimbia naye hospitali, kila dakika ina thamani. Na kama kuna mtu nyumbani aliyevunjika moyo, dawa hizi zisikae karibu naye. Kaa naye wewe, na umtafutie msaada.

Je, mahindi yaliyofukizwa tuyatupe? Hapana. Yakishapata hewa ya kutosha nje na majivu ya vidonge kuondolewa na mtaalamu, yanaliwa. Yasisagwe kamwe yakiwa na majivu hayo.

Nasi wauguzi tumejiwekea swali jipya. Watu kadhaa wa nyumba moja wakija pamoja asubuhi ya msimu wa mavuno, pamoja na kupima malaria tunauliza, "Mlilala na nini chumbani?" Usitusubiri tukuulize, mama. Tuambie.

Leo jioni, kabla hujafunga dirisha, mwulize baba watoto ametia nini katika magunia. Hadi mwezi ujao, tunawatakia ghala lililojaa na usingizi mwema.