Kipimo Si Fimbo

Nianze kwa kukiri, maana anayetaka kulaumu wengine hana budi aanzie mlangoni kwake. Binti yangu alipokuwa na miaka 4, nilimpunja chakula siku mbili makusudi, ili kadi yake ya damu ipendeze.

Mtoto huyu alizaliwa hapa Uingereza na maradhi ya kurithi yaitwayo fenilketonuria. Mimi na baba yake kila mmoja alibeba kasoro moja bila kujua, naye akazirithi zote mbili. Katika protini tunayokula mna asidi amino iitwayo fenilalanini, na kimeng'enya cha kuigeuza, ambacho hukaa katika ini, kwake hakifanyi kazi. Akila nyama, samaki, mayai au maharage kama tulavyo sisi, asidi hiyo hulundikana katika damu na kuudhuru ubongo. Tone la damu lililotolewa kisiginoni siku ya tano ndilo lililomwokoa. Tangu hapo protini yake hupimwa kwa gramu, hunywa kinywaji maalumu cha asidi amino nyingine, nami humtoboa kidole asubuhi kabla hajanywa kitu, nikajaza damu katika duara za karatasi, nikaiacha ikauke, nikaipeleka posta.

Mtoto wa umri ule hutakiwa awe kati ya maikromoli 120 na 360 kwa lita moja ya damu. Sasa tazama, ndugu msomaji, tarakimu hiyo ilivyotumiwa katika kliniki tuliyokuwa tukienda. Ikitoka 300, simu husema: "Hongera mama!" Ikitoka 500, sauti hubadilika: "Mama, umempa nini?" Mara ya tatu kuulizwa hivyo nililia jikoni. Mara ya nne niliazimia kuushinda mtihani. Nikampa chai ya rangi na vipande vya tofaa, na kile kinywaji chake nikakipunguza. Jibu likaja: 640.

Daktari mmoja mtu mzima ndiye aliyenieleza jambo ambalo ningelielezwa tangu mwanzo. Mwili ukinyimwa chakula hujila wenyewe. Misuli huvunjwa, na misuli nayo ni protini. Fenilalanini yake humwagika katika damu. Ndiyo maana hata homa hukipandisha kipimo, ingawa mtoto hajaonja samaki. Kwa hiyo lile swali, "umempa nini?", halikuwa la ukali tu, lilikuwa pia la ujinga. Kosa langu lilikuwa kile nisichompa.

Sisemi tuache kupima, hasha. Mama mkwe wangu husema, "Mwanangu, mtoto mzima huyu, mwamtoa damu bure." Nampenda, lakini jicho haliioni 500. Ubongo huumia kimyakimya, na dalili zikija zimechelewa. Ninalopinga ni kuigeuza taa kuwa fimbo. Mzazi aliyechapwa kwa tarakimu hujifunza kutuma damu ya siku njema peke yake, na kliniki hubaki na daftari safi la uongo. Kijana aliyekua akihukumiwa hivyo, siku akijimudu ataikimbia hukumu. Zamani watu waliruhusiwa kuuacha mlo huu utotoni. Leo tunajua unahitajika maisha yote. Na binti akishika mimba hali damu yake imejaa asidi hiyo, ubongo na moyo wa mwanawe tumboni huweza kuharibika, hata kama kichanga hakuyarithi maradhi. Nani atamwambia akapime, ikiwa kupima kwake ni kutukanwa?

Wapo watakaosema kwamba bila ukali wazazi watalegea. Nawauliza: ni nani aliyemkalia ukali mama yake Sheila Jones? Mjini Birmingham, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mama huyo hakuwapa madaktari raha hadi Horst Bickel na wenzake walipomtengenezea mwanawe chakula kilichopunguzwa fenilalanini. Mtoto akaanza kutambaa na kusimama. Kisha madaktari, wakitaka uthibitisho, wakamrudishia asidi ile bila kumwambia mama. Naye akamwona mwanawe anaharibika tena. Walioficha walikuwa wataalamu. Aliyeona alikuwa mama.

Basi tarakimu ikipanda, tuulizwe kama watu: Je, alipata homa? Alikimaliza kinywaji? Alikula akashiba? Na jibu lirudi upesi, kwani kipimo kifikacho baada ya wiki mbili ni habari za mtoto mwingine.

Binti yangu sasa ana miaka 11, na kidole hujitoboa mwenyewe. Kila kadi naituma na kikaratasi: alikuwa na mafua, alikula kipande cha samaki kwa bibi yake. Naandika yote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisema kweli, lakini nasi tuulize ni nani aliyemfundisha kuficha.