Kubadilisha bastola kuukuu kwa mpya: mimi nasema hapana



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo mnivumilie kidogo kwa sababu nimekuja na ugomvi. Na ugomvi wenyewe si na watu wa mbali, ni na wazee wenzangu niliokula nao sikukuu.

Siku ya pili ya Idi tulikaa nyumbani kwangu hapa Busasamana, wanaume 7 kwenye mkeka mmoja, viazi na nyama vimeshaliwa, tunangoja chai. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa amekuja kutusalimia kutoka Nairobi anakouza vipuri vya magari. Kijana huyu ana bastola. Ni ya halali, ana leseni yake, na aliiacha huko huko, maana kuvuka nayo mipaka ni kujitafutia jela. Ni ile ya kizamani, rivolva, yenye silinda inayozunguka na matundu 6. Aliinunua miaka 10 iliyopita baada ya majambazi kumvamia dukani. Sasa imechakaa, silinda inakwama. Muuza silaha amemwambia: lete hiyo kuukuu, ongeza pesa, nikupe ya kisasa ya magazini, risasi 15. Akatuuliza: "Wazee wangu, mwasemaje?"

Wazee 5 wakasema badilisha, tena upesi. Mmoja akanyamaza akaendelea na mswaki wake. Mimi nikasema hapana, wakanicheka. Basi nimekuja kulisema hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza.

Hoja yao kubwa ilikuwa jembe. Jembe lako likivunjika, walisema, si unanunua jingine? Kitu kibovu kina faida gani? Maneno matamu, lakini jembe nalishika kila asubuhi. Nikamuuliza kijana: katika miaka hii 10, hiyo bastola umeitoa mara ngapi? Akasema: "Kuisafisha tu, mjomba, na kuipeleka inapokaguliwa." Na usiku ule wezi walipokuja tena dukani? Yeye alikuwa nyumbani amelala, bastola imefungiwa kwenye kasha la chuma. Aliyewafukuza ni mlinzi aliyepiga kelele na majirani waliofungua madirisha. Hilo nalo alilisema mwenyewe, kwa kicheko, na wazee wangu wakacheka naye wakaendelea na hoja ya jembe!

Sasa tuseme kuhusu hicho kinachoitwa bora. Wanaosifu bastola mpya hawaelezi inavyofanya kazi, na mzazi ana haki ya kujua. Rivolva kuukuu ni nzito kufyatua, na ukifungua silinda unaziona risasi zote kwa macho, ziko au haziko. Ya magazini siyo hivyo. Unaweza kuchomoa magazini, ukaiweka mezani, ukajiambia haina kitu, kumbe risasi moja imebaki ndani ya mtutu inangoja kidole. Kwa kosa hilo wameuawa watoto na mafundi na hata askari waliosomea, katika nchi nyingi, na kila mara aliyeishika alisema alidhani ni tupu. Mpwa wangu ana watoto watatu, wa mwisho ana miaka 4 na hakuna kabati asilolifungua. Mtume (s.a.w.) alikataza hata kumkabidhi mwenzako upanga ukiwa nje ya ala yake. Upanga, ambao mtu anauona kwa macho kuwa ni mkali!

Kuna jambo jingine ambalo kwenye mkeka hatukuligusa, kwa sababu sisi Waislamu tunaona haya kulitaja. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya watu wazima zaidi ya milioni 26 wa jimbo la California. Waliona kwamba wanaume wenye bastola walijiua kwa risasi karibu mara 8 kuliko wanaume wasiokuwa nayo. Mtasema huko ni Marekani. Sawa. Lakini madeni yapo Nairobi pia, na ugonjwa wa moyo kukata tamaa upo hata kwenye nyumba inayoswali. Mpwa wangu mwaka ule biashara ilipofungwa kwa korona alikaa miezi asiongee na mtu. Dada yangu alikuwa akinipigia simu usiku analia. Hakuna mzee hata mmoja kati ya wale 5 aliyeyakumbuka hayo. Mimi niliyakumbuka, na ndiyo maana sauti yangu ilipanda.

Na hiyo kuukuu inakwenda wapi? Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Tunasema "kubadilisha" kana kwamba ya zamani itakufa. Chuma hakifi hivyo. Fundi ataipiga msasa, atabadilisha springi, nayo itapata mkono mwingine. Kwa hiyo mpwa wangu hatakuwa amebadilisha silaha moja, atakuwa ameongeza. Serikali zetu zinalijua hili: mwaka 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Rwanda na Kenya zikiwemo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo. Na Novemba 2016 Kenya ilichoma moto silaha zaidi ya 5,000 hadharani. Hazikuuzwa tena wala hazikukarabatiwa.

Hapa mzee mmoja, ninayemheshimu sana, akanijibu kwa jibu zito. Akasema: wewe mtu wa Busasamana unathubutu vipi kusema hivyo? Umesahau Mudende, Desemba 1997, wakimbizi walivyouawa kambini, mwendo mfupi tu kutoka hapa? Umesahau Bisesero 1994, watu wakipigana kwa mawe na fimbo dhidi ya bunduki? Wangekuwa na bastola je?

Sikucheka, na nawaomba wanafunzi msicheke. Swali hilo ni la mtu aliyezika. Lakini tulifuate mpaka mwisho. Bisesero walishikilia vilima kwa wiki kadhaa, mpaka katikati ya Mei walipoletewa wanajeshi na wanamgambo kutoka kila upande. Bastola ya risasi 15 haisimamishi jeshi. Na tukumbuke mwaka ule ule bunduki ziligawiwa kwa raia, tena kwa jina zuri kabisa la "ulinzi wa raia". Waliozipokea waliambiwa wanalinda familia zao. Waliofichwa wakapona, kule Biryogo katika jiji la Kigali na kwingineko, wengi wao walifichwa na majirani Waislamu ambao hawakuwa na silaha yoyote isipokuwa mlango uliofungwa na ulimi uliokataa kusema nani yumo ndani.

Na sisi wa hapa tumeonja baada ya hapo. Juni 2014 wanajeshi wa Rwanda na wa Kongo walipigana hapa hapa kwetu, upande wa Kanyesheja. Desemba 2018 wapiganaji walivuka usiku kutoka Kongo. Januari 2025, Goma ilipoanguka, makombora yalivuka mpaka na watu wakafa Rubavu. Niambieni, katika siku hizo tatu, ni ipi ambayo bastola ya kiunoni ingesaidia? Na usiku wa kawaida, ambao ndio mwingi, tunalindwa na irondo: wanaume na vijana wenye fimbo na tochi, wanaojuana kwa majina. Mwizi anawaogopa kwa sababu ni wengi na wanapiga kelele. Hata kule Nairobi kilichomwokoa mpwa wangu ni irondo ya aina yake, ila hawaiiti hivyo.

Basi nikamwambia: mwanangu, ukitaka kubadilisha, badilisha, lakini badilisha kweli. Kule Msumbiji, tangu 1995, Baraza la Kikristo lilikuwa na mpango wa kupokea bunduki na kumpa mwenyewe baiskeli, jembe au cherehani, kisha silaha zikakatwa vipande. Ni wenzetu Wakristo walioanza, na jambo jema halina haya. Wewe huna haja ya mpango wowote. Ipeleke kwa wenye mamlaka waliokupa leseni, waambie hukuombi nyingine, usimamie mpaka upewe karatasi ya kwamba imepokelewa. Pesa uliyotaka kumwongezea muuza silaha mwongeze mlinzi wako wa dukani, umnunulie taa kubwa na king'ora.

"Na wakija nikiwa peke yangu, mjomba?" akauliza. Nikamwambia wape pesa. Nilizika kaka zangu wawili, sina nguvu ya kuzika na mtoto wa dada kwa sababu ya vipuri.

Wazee wakanyamaza kidogo, kisha chai ikaja na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mbegu za viazi. Kijana aliondoka kesho yake asubuhi bila kuniahidi lolote. Leseni yake inakaribia mwisho wa muda. Dada yangu anampigia kila Ijumaa baada ya swala, na mimi nampigia Jumamosi.